Watu wa Mlimani Tulipozamia Baharini

Mpenzi msikilizaji, mwishoni mwa Novemba mwaka mmoja nilimwambia mzee jirani yetu kule Kilema kwamba kabla ya Krismasi mimi, mama watoto na wanetu wawili tungekwenda Unguja kuzamia. Mzee akaweka kata yake ya mbege chini, akanitazama kwa huruma, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mnazamia nchi gani?"

Hakukosea. Kwa vijana wengi wa Tanzania wa miaka ya 1980 na 1990, kuzamia kulikuwa kujificha katika tumbo la meli na kuibukia Ugiriki, Afrika Kusini au popote ambapo meli ingetia nanga. Ilinibidi nimweleze mzee kwamba sisi tunazamia majini, tunatazama samaki, halafu tunatoka. Akafikiri kidogo, akasema: "Na nauli mnalipa wenyewe?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akachukua kata yake.

Chanzo cha safari ile alikuwa binti yangu. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne, na nilipomuuliza anataka zawadi gani hakutaja saa wala nguo. Alisema: "Baba, nataka kuona bahari kwa ndani." Mimi ni mtoto wa Kilema, mahali palipo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji niliyokua nayo ni ya mfongo, yanayoteremka kutoka msituni yakiwa ya baridi ya kuuma meno, na kina chake hakimfiki mtu magotini. Bahari niliijua kwa kuitazama kutoka Kivukoni tu. Lakini nilikuwa nimeahidi zawadi, na ahadi ni deni.

Basi tukavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi, na kesho yake asubuhi tukafika kwa watu wanaofundisha kazi hiyo. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kiunguja, mpole wa maneno lakini mkali wa sheria. Kwanza alitupa karatasi yenye maswali ya afya: nani ana pumu, nani ana ugonjwa wa moyo, nani ana mafua? Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 12, akapiga chafya kabla swali halijakwisha. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba hatazamia siku ile, kwa sababu aliyezibwa na mafua hawezi kusawazisha masikio, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Mtoto alilia. Mimi nilitaka kubembeleza. Mwalimu akasema: "Mzee wangu, bahari haibembelezwi."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu siku ile.

Kisha akatueleza mambo ambayo, naungama, sikuwahi kuyafikiri. Juu ya nchi kavu tumebeba uzito wa hewa bila kuuhisi. Ukishuka mita 10 tu majini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Hewa iliyojaza kibofu cha mpira kule juu, kule chini inajaza nusu yake. Na ukipanda mambo yanageuka, hewa inatanuka. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mzamiaji mwenye mtungi ni kutokubana pumzi kamwe, kwani anayepanda huku amebana pumzi anaweza kupasua mapafu yake. Sheria ya pili ni kusawazisha masikio kila unaposhuka kidogo, kwa kubana pua na kusukuma hewa taratibu. Sheria ya tatu ni kupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 ukiwa kwenye mita 5 kabla ya kutokeza kichwa.

Nilipolisikia neno polepole nikatabasamu. Kwetu mlimani, mgeni kutoka Ulaya au Marekani anaweza asijue neno jingine lolote la Kiswahili, lakini hilo analijua, maana mwongozaji humwimbia kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Kibo, mita 4,700.

Tukavishwa: mtungi mgongoni, vesti ya kujaza upepo, mkanda wenye vipande vya risasi kiunoni ili tuzame, miwani mikubwa usoni na mapezi ya mpira miguuni. Chombo hicho cha kumpa mtu hewa kadiri anavyoivuta kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan. Kabla yao, watu wa pwani zetu na wa Ghuba walizama kwa pumzi yao wenyewe. Wapo Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka upande huu na kuzamishwa kutafuta lulu kule Ghuba, wakiwa na kibanio puani na jiwe mguuni. Nilipolalamika kwamba mtungi ni mzito, niliwakumbuka hao nikanyamaza.

Mpenzi msikilizaji, nisijisifu. Kwenye mita 3 niliogopa. Moyo ulidunda, nikasahau yote niliyofundishwa, nikataka kutoka mbio kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Mwalimu alinishika mkono kwa nguvu, akanionyesha kidole: tazama mimi, vuta, toa. Vuta, toa. Baada ya dakika moja nikatulia. Nilipogeuka nikamwona mama watoto, mwanamke ambaye utoto wake wote alichota maji ya mfongo kwa kibuyu, amelala juu ya maji ya buluu, ametulia kama aliyezaliwa Makunduchi.

Na niliyoyaona? Nitayasema machache, maana redio haina picha. Niliona matumbawe kama migomba iliyopandwa kwa zamu, makubwa yakivipa kivuli vidogo, sawasawa na kihamba cha kwetu. Niliona pweza akibadili rangi mbele ya macho yangu mara tatu. Niliona kasa akila taratibu, hana habari nasi. Binti yangu alifurahi mpaka akamwonyesha mwalimu dole gumba juu, na mwalimu akaanza kumpandisha! Chini ya maji dole gumba halina maana ya "safi", bali lina maana ya "twende juu". Ukitaka kusema mambo ni mazuri, unaunganisha kidole gumba na cha shahada, ukafanya duara. Binti alirudishwa chini akicheka mapovu.

Tulizamia mara mbili siku ile, na mara ya pili tulitoka majini saa nane mchana. Sasa ndipo linapoanza jambo lililonifanya nije mbele ya kipaza sauti hiki.

Saa tisa simu ililia. Alikuwa mdogo wangu, anapiga kutoka Kilema. Akasema: "Kaka, baba mdogo amezidiwa. Anakuulizia wewe. Njoo leo."

Baba mdogo ndiye aliyenilea. Baba yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu, ada yangu ya shule ilitoka mgongoni kwa mtu huyo, kwa maana halisi, kwani alikuwa mpagazi wa mlimani, na baadaye mwongozaji, kwa zaidi ya miaka 30. Nikamwambia mdogo wangu: "Nakuja." Ilikuwapo ndege ya jioni ya kwenda Uwanja wa Kilimanjaro. Nikaanza kukusanya nguo.

Mwalimu alinikuta mlangoni. Nilipomweleza, uso wake ulibadilika. "Mzee wangu, pole sana," akasema. "Lakini leo huendi."

Akaniketisha, akanieleza. Hewa tunayovuta, sehemu 78 katika 100 ni gesi iitwayo naitrojeni. Tukiwa chini ya mgandamizo, gesi hiyo huingia katika damu na nyama za mwili, na hutoka polepole baada ya kupanda. Ukipunguza mgandamizo kwa ghafla kabla haijatoka, inafanya mapovu mwilini, kama chupa ya soda inavyofanya ukiifungua kwa haraka. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kupooza, hata kifo, na tiba yake ni oksijeni na chumba maalumu cha mgandamizo. Na ndege, ingawa imefungwa, hewa yake ndani inaweza kuwa nyepesi kama ya mlimani kwenye mita 2,400. Aliyezamia mara moja anashauriwa kungoja angalau saa 12 kabla ya kupaa, na aliyezamia zaidi ya mara moja, saa 18. "Na si ndege tu," akasema. "Kwenu ni wapi?" Nikasema Kilema, Kilimanjaro. Akashika kichwa. "Basi hata ungekwenda kwa gari, nyumbani kwako ni juu."

Nilimpigia mdogo wangu. Jaribu, msikilizaji, kumweleza mtu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa kwamba huwezi kuja kwa sababu ya mapovu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Kwa hiyo, kaka, unabaki ufukweni." Akakata simu.

Usiku ule sikulala. Shangazi yangu alipiga, akaniuliza kama pesa za mjini zimenipotosha. Binamu akaleta ujumbe ambao sitausoma hapa. Mara mbili niliinuka nikasema, liwalo na liwe, yapo magari ya usiku Dar es Salaam, nitatafuta hata ngalawa ya kunivusha. Mara mbili mama watoto akaniambia: "Ukipooza njiani, tutauguza wangapi?" Na binti yangu alikaa kwenye ngazi akilia, akidhani zawadi yake ndiyo iliyosababisha yote. Nikakaa naye. Nikamwambia kosa halikuwa la zawadi, lilikuwa langu mimi niliyepanga safari bila kuuliza mlango wa kutokea uko wapi.

Kesho yake adhuhuri, saa 22 baada ya kutoka majini, nilipanda ndege. Familia ikafuata kwa boti na basi. Nilipita Moshi mjini, nikaanza kupanda kwetu, na kabla ya kuingia uani nilichuma jani la isale kwenye ua wa kihamba. Ninyi msiotoka Uchagani, isale ni jani la kuombea msamaha. Anayekujia na isale mkononi, ni vigumu sana kumkatalia.

Nilimkuta baba mdogo yu hai, amelazwa kwa mito, ndugu wote wamemzunguka na wote wamenuna. Nikampa jani. Akauliza, kwa sauti ndogo, kosa langu ni nini. Nikamweleza yote, mita, mgandamizo, naitrojeni, soda. Ndugu zangu walitazama dari. Lakini mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka cheko lililomletea kikohozi.

"Mimi," akasema, "nimewashusha wageni wangapi migongoni kwa sababu hawakutaka kungoja? Wana nguvu, wana pesa, wana ndege ya keshokutwa. Unawaambia, lala hapa Horombo siku moja zaidi, damu izoee. Hawataki. Usiku unasikia mtu anakoroma maji kifuani." Akawageukia ndugu zangu. "Mwacheni. Amefanya kazi yangu. Tofauti ni kwamba yeye alianzia chini zaidi."

Mpenzi msikilizaji, baba mdogo aliishi mpaka Februari. Katika wiki zile alimwita binti yangu kila jioni amsimulie habari za pweza, na yeye akamsimulia habari za theluji.

Mwezi Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika Kilema, aliandika kwamba ameona theluji juu ya mlima wetu. Mabwana wa jiografia wa Ulaya, akiwamo William Desborough Cooley wa London, walimbishia. Hawakuwahi kufika. Ndugu zangu nao walibisha habari za mapovu kwa sababu hiyo hiyo, na mimi ningebisha kama wao wiki moja kabla. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nayo theluji aliyoiona Rebmann inakwisha. Kati ya mwaka 1912 na 2007, eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takribani asilimia 85, na wataalamu wanazungumzia ukavu wa hewa pamoja na joto kuwa sababu. Chini ya maji binti yangu aliuliza mbona matumbawe mengine ni meupe. Aliambiwa kwamba maji yakizidi joto, kama mwaka 1998, matumbawe hupoteza vijimea vinavyoyalisha na kuyapa rangi, na mengi hufa. Weupe tunaoulilia mlimani unapoondoka, kule baharini tunaulilia unapokuja.

Kwa hiyo nasema hivi. Mwenye nafasi aende akaione bahari kwa ndani, ni yetu. Tuwafundishe watoto kuogelea, hata sisi wa mlimani. Lakini kabla hujashuka, uliza utapandaje, na uwaachie walioko nyumbani habari kwamba kwa siku nzima baada ya hapo huwezi kuitwa. Na anayekuambia "leo huendi" huku kila mtu akikuita, msikilize kwanza. Huenda ndiye pekee anayejua unakotoka na unakokwenda.

Yule mzee jirani aliniuliza juzi kama tutazamia tena. Nikasema ndiyo, mwanangu wa kiume anatudai. Akasema: "Safari hii angalieni, asipige chafya."

Kwaherini, hadi wiki ijayo.