Chema Chajiuza? Mhadhara juu ya Mapenzi ya Watu kwa Kompyuta Zao



Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jioni ya leo naiweka methali hiyo kizimbani. Muulize mtu yeyote mwenye kompyuta nyumbani kwa nini alichukua ya aina hii akaiacha ile, naye atakutajia sifa za mashine: ina kasi, haisumbui, skrini yake safi. Ni nadra akwambie kwamba kaka yake alikuwa nayo, au kwamba fedha zake ziliishia hapo. Dai langu ni kwamba kaka na fedha ndio hufanya kazi kubwa, na sifa nyingi hukusanywa mashine ikiwa imekwisha kufika mezani.

Ili kulipima dai hili nahitaji mahali ambapo watu walichagua kabla hawajawa na mazoea. Leo mahali hapo hapapatikani, kwa kuwa anayenunua kompyuta sasa ameshatumia ya shuleni, ya ofisini na simu ya mkononi. Kwa hiyo nitawapeleka Uingereza, kati ya mwaka 1982 na 1986. Huko kompyuta iliwekwa sebuleni na kuchomekwa kwenye televisheni ya familia. Aina nyingi zilipangwa kwenye rafu moja dukani, na hazikusikilizana kabisa: kaseti yenye programu ya mashine moja ilikuwa kelele tupu kwa nyingine. Aliyechagua alikuwa amechagua kweli.

Mashine tatu

Ya kwanza ni BBC Micro, iliyotoka Desemba 1981. Shirika la utangazaji la BBC lilitaka kompyuta ya kwenda sambamba na vipindi vyake vya televisheni vya kuwafundisha wananchi elimu ya kompyuta, vilivyoanza Januari 1982. Kazi ikapewa Acorn, kampuni changa ya Cambridge iliyoanzishwa na Hermann Hauser na Chris Curry. Wasanifu wake wakuu walikuwa Sophie Wilson na Steve Furber. Model B ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, kibodi kamili, na matundu ya kuunganisha printa, diski na vifaa vya maabara. Lugha yake ya BASIC ilimwezesha mwanafunzi kuandika programu yenye mpangilio mzuri. Muda mfupi baada ya kutoka, bei yake ilifika pauni 399.

Ya pili ni ZX Spectrum ya Clive Sinclair, naye wa Cambridge, bosi wa zamani wa Chris Curry. Sinclair aliutaka mkataba wa BBC akaukosa, na Aprili 1982 akajibu kwa mashine ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira. Spika yake ilitoa mlio mwembamba tu. Rangi zake zilikuwa na kasoro maarufu: kila kisanduku cha nukta 8 kwa 8 kilibeba rangi mbili tu, hivyo mhusika wa mchezo akipita mbele ya mti, ama yeye hugeuka kijani ama mti hugeuka rangi yake. Lakini yenye kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na yenye 48 pauni 175.

Ya tatu ilitoka Marekani: Commodore 64, iliyoingia sokoni Agosti 1982 kwa dola 595. Ilikuwa na kilobaiti 64, chipu ya picha iliyoweza kusogeza wahusika bila kuichosha programu, na chipu ya sauti iliyosanifiwa na Bob Yannes, ambayo bado inatafutwa na wapiga muziki hadi leo.

Kama chema chajiuza, Waingereza wangekimbilia BBC Micro kwa ubora wa ujenzi, au Commodore kwa picha na sauti. Wengi walichukua Spectrum. Kwa uhai wake wote, Spectrum iliuzwa takriban milioni tano. BBC Micro ilifikia milioni moja na kitu. Lazima tueleze kwa nini mashine yenye vitufe vya mpira ilipendwa hivyo.

Anayetumia na anayelipa

Sababu ya kwanza ni bei, nayo haihitaji profesa. Tofauti ya pauni 175 na 399 ilikuwa ndiyo tofauti ya zawadi ya Krismasi na deni. Ila bei ina jambo la ndani zaidi: nani anailipa. Nyumbani alilipa mzazi na akatumia mtoto. Mzazi aliuziwa hofu kwamba mwanawe ataachwa nyuma. Mtoto alitaka michezo. Mashine ikaingia nyumbani kwa kibali cha elimu na kukaa huko kwa sababu ya Manic Miner, mchezo alioutoa kijana Matthew Smith mwaka 1983.

Shuleni hesabu ilikuwa nyingine. Serikali ya Uingereza ililipa nusu ya gharama ya kompyuta kwa shule zilizochagua mashine zilizoidhinishwa, na BBC Micro ilikuwa mojawapo. Hivyo madarasa yakajaa BBC Micro, huku vyumba vya kulala vikijaa Spectrum. Mtoto yuleyule alitumia moja asubuhi na nyingine jioni, akazipenda kwa namna mbili tofauti. Tukimuuliza ipi bora, jibu lake lingetuambia zaidi habari za hazina ya serikali na mshahara wa baba yake kuliko habari za kichakataji.

Jirani

Sababu ya pili ni jirani. Kompyuta bila programu ni sanduku, na programu za wakati ule zilikuja kwa kaseti za kawaida. Mwenye redio yenye deki mbili aliweza kunakili mchezo jioni na kuubeba shuleni kesho yake. Sheria ilikataza, viwanja vya shule havikusikia. Basi mtoto aliyenunua Spectrum katika mtaa wenye Spectrum kumi alipata, juu ya mashine, maktaba ya watoto kumi, pamoja na walimu kumi wa bure wa kumwonyesha pa kubonyeza. Aliyeletewa mashine bora ya peke yake alipata upweke wenye kilobaiti nyingi.

Wachumi waliipa hali hii nadharia wakati huohuo. Mwaka 1985 Michael Katz na Carl Shapiro walichapisha makala iliyoonyesha kwamba kuna bidhaa ambazo thamani yake kwa mtumiaji mmoja hupanda kadiri watumiaji wengine wanavyoongezeka. Naye Brian Arthur akaeleza jinsi tofauti ndogo ya mwanzoni, hata ya bahati, inavyoweza kukua hadi ikafunga mlango kwa washindani.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni safari ya Spectrum ng'ambo. Kampuni ya Timex, ambayo kiwanda chake cha Dundee, Scotland, ndicho kilichoziunda Spectrum za Sinclair, iliipeleka Marekani mwaka 1983 kwa jina la Timex Sinclair 2068. Wahandisi waliiboresha: sauti ikawa nzuri zaidi, kibodi ikawa bora, picha zikaongezewa uwezo. Katika kuiboresha waliibadilisha ndani, na sehemu kubwa ya programu za Spectrum zikakataa kufanya kazi. Mwaka 1984 Timex ikaachana na biashara hiyo. Mashine iliyopendwa Uingereza ikiwa na kasoro zake ilikataliwa Marekani kasoro zikiwa zimepunguzwa. Huko Jack Tramiel wa Commodore, aliyemiliki kiwanda chake mwenyewe cha chipu, alikuwa akishusha bei hadi washindani wakakimbia. Texas Instruments iliacha kompyuta za nyumbani mwishoni mwa 1983. Jirani wa Mmarekani alikuwa na Commodore 64.

Upande wa pili wa Ulaya, Spectrum ilipata maisha mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa Kisovieti waliunda nakala zake nyingi kwa chipu zilizopatikana kwao, kwa sababu muundo wake ulikuwa rahisi kuigwa. Kile ambacho London kilionekana ubahili wa Sinclair, Leningrad kilikuwa fadhila. Ubora, kumbe, hubadilika mashine inapovuka mpaka.

Sababu zinazofika zikiwa zimechelewa

Hapa methali yetu ingeweza kujitetea: basi watu walinunua kwa bei na jirani, lakini mbona waliipenda kwa dhati? Mbona walikuwa tayari kugombana kwa ajili yake? Jibu linatoka kwa wanasaikolojia.

Mwaka 1956 Jack Brehm alichapisha jaribio alilolifanya na wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Aliwaonyesha vifaa vya nyumbani, akawataka wavipe alama kwa jinsi wanavyovitamani. Kisha akawaruhusu kuchagua kimoja kati ya viwili, wapewe kama zawadi. Walipotoa alama upya, kile walichokichagua kilikuwa kimepanda na walichokiacha kimeshuka, ingawa hakuna aliyekwisha kukitumia. Mwaka uliofuata Leon Festinger akatoa kitabu kilichoeleza kwa nini: mtu hawezi kustarehe na wazo kwamba alichokiacha kilikuwa kizuri, hivyo akili hulipunguza wazo hilo makali. Mtoto wa Spectrum aliyesema rangi zinazogongana ndizo zinazoipa michezo uso wake hakuwa akidanganya. Alikuwa amekwisha kuishi nazo.

Kundi nalo lina nguvu yake. Miaka ya mwanzo ya 1970 Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule mjini Bristol katika makundi, akiwaambia kwamba kigezo ni picha za mchoraji wanazozipenda, Klee au Kandinsky. Makundi hayo hayakuwa na historia wala faida yoyote. Hata hivyo wavulana walipopewa nafasi ya kugawa fedha, waliwapendelea wa kundi lao. Katika muongo uliofuata, wadogo zao walipewa kundi lenye jina, nembo na gazeti. Wenye Spectrum walisoma Crash. Wenye Commodore walisoma Zzap!64. Barua za wasomaji ziliwaka moto. Magazeti yote mawili yalitolewa na kampuni moja, Newsfield, katika mji mdogo wa Ludlow. Mwenye duka aliuza ngao kwa majeshi yote mawili.

Mashine yenyewe haina neno?

Ningekuwa nawapotosha kama ningesema mashine haina uzito. Kuna kizingiti. Sinclair alipotoa kompyuta ya QL mwaka 1984, ilifika kwa wateja ikiwa imechelewa na ina hitilafu, na jina lake kubwa halikuiokoa. Acorn nayo ilipotoa Electron, nduguye wa bei nafuu wa BBC Micro, haikuweza kuunda za kutosha kwa ajili ya Krismasi ya 1983; mashine isiyokuwepo dukani haipendwi. Alan Sugar wa Amstrad alielewa kwamba mzazi hataki nyaya na ugomvi wa televisheni, akauza kompyuta yenye skrini na deki ya kaseti pamoja. Mwaka 1986 alikinunua kitengo cha kompyuta cha Sinclair kwa pauni milioni tano.

Aidha mashine humfinyanga anayeipenda. Spectrum na BBC Micro zote ziliwaka zikikungojea uandike programu. Hukuhitaji kununua kitu kingine wala kuomba ruhusa. Ndani ya BBC Micro, David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Cambridge, waliweza kuingiza Elite mwaka 1984, mchezo wenye galaksi zilizotengenezwa kwa hesabu kwa sababu kumbukumbu isingezibeba. Na Wilson na Furber walipoamua kusanifu kichakataji chao wenyewe, ARM, Furber aliandika kielelezo chake kwa BASIC ya BBC Micro. Chipu ya kwanza ya ARM iliwaka Aprili 1985. Vizazi vyake vimo katika karibu kila simu iliyozimwa sauti ukumbini humu. Mashine iliyoshindwa kwa mauzo ndiyo iliyoacha wajukuu wengi zaidi, kwa sababu iliwapa nafasi waliotaka kuunda, nao hawakuhitaji kuwa wengi.

Linatuhusu vipi

Kenya ilipoanza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, mjadala mwingi ulikuwa wa bei, umeme na wizi. Hayo ni ya lazima. Lakini kama niliyoyasema jioni hii yana ukweli, kamati inayochagua mashine ya shule inachagua pia kitakachoonekana kizuri kwa kizazi kizima. Watoto watakipenda walichokizoea pamoja, kisha watakitafutia sababu, nazo zitakuwa sababu za dhati.

Kwa hiyo napendekeza kamati zetu za ununuzi, hapa chuoni na wizarani, zianze na maswali matatu kabla ya kufungua jedwali la kasi na kumbukumbu. Mwanafunzi akikwama saa mbili usiku, ni nani mtaani kwake anayeijua mashine hii? Je, anaweza kuingia ndani yake na kuandika programu bila kulipia leseni? Na siku mtengenezaji akifunga milango, kazi zake zitahamia wapi? Spectrum ilishinda kwa swali la kwanza, na BBC Micro ikaacha urithi kwa la pili. La tatu halikujibiwa na mashine yoyote kati ya zile. Programu nyingi za enzi ile zimesalia kwa jitihada za wapenzi waliozinakili kutoka kaseti zilizokuwa zikioza.

Nairejesha methali kwa wahenga bila kuivunja. Chema huweza kujiuza, ila kwa mtu aliyepewa nafasi ya kukijua. Nafasi hiyo hugawiwa na bei, na jirani, na serikali inapolipa nusu. Sisi tunaokaa katika kamati ni miongoni mwa wanaoigawa.