Ukumbusho wa Ndege Iliyoanguka Ngazija

(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, mwenye duka, mbele ya mkutano wa tawi)



Leo sitasema juu ya kura wala bei ya mchele, bali juu ya roho za watu. Sisi watu wa visiwa hatuna njia ya kutoka kwetu ila bahari au hewa, na hiyo hewa nayo chini yake ni bahari.

Wengi wenu mnaikumbuka khabari ya tarehe 23 Novemba, 1996. Ndege ya Shirika la Ethiopia, Boeing 767, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, na ndani yake mlikuwa na watu 175. Watu watatu wakaiteka, wakamtaka rubani awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza ya kuwa mafuta hayatoshi, hawakumsadiki. Mafuta yakaisha, mashine zote mbili zikazimika, ndege ikateleza hewani mpaka ikapiga maji na kuvunjika mbele ya ufuo wa Galawa, kaskazini ya Ngazija, kwa ndugu zetu ambao wengi wetu tumechanganya nao damu. Walifariki watu 125, pamoja na watekaji wenyewe, wakasalimika 50.

Sasa sikilizeni jambo ambalo khasa ndilo lililonisimamisha hapa. Katika waliokufa wamo ambao hawakuuawa na pigo la ndege. Walivaa majaketi ya kuelea, na kwa khofu wakayajaza hewa wangali ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwanyanyua mpaka darini, na mlango ukabaki chini ya maji. Mtu aliyejaa hewa hawezi kuzamia. Kilichowekwa kumwokoa kikawa ndicho kilichomfunga.

Basi kanuni ni hii: livae jaketi ukiwa ndani, lakini usivute kamba yake mpaka unatoka mlangoni. Kanuni hii husomwa kila safari. Nami nakiri mbele yenu: mara ngapi nimepanda ndege ya kwenda Pemba, na maneno hayo yakisomwa mimi nahesabu moyoni marobota yangu ya nguo! Tangu nilipoifahamu khabari ya Galawa, nasikiliza, na nahesabu viti vilivyopo baina yangu na mlango, ili nikiwa gizani mkono wangu uujue.

La pili ni la walio nchi kavu. Pale Galawa, waliokimbilia maji mwanzo ni wenyeji na wageni wa hoteli, na miongoni mwa wageni hao walikuwamo madaktari. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, ndani yake walikuwa watu 43, wakafa 19. Na waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Mvuvi anastahili shukrani, lakini shukrani si badala ya matayarisho. Haifai roho ya abiria itegemee bahati ya kuwapo mtumbwi karibu.

Kwa hiyo naomba tawi hili liwatume wawakilishi wetu wakaulize kwa adabu na bila ya kuchoka: katika kila kiwanja chetu cha ndege, iko wapi mashua ya uokozi? Ina mafuta leo? Ni nani aijuaye, na lini mara ya mwisho aliitia majini kwa mazoezi? Swali hili halina chama, kwani maji hayamwulizi mtu kadi yake.

Pengine atasema mtu kuwa ajali ni kadari. Naam, ni kadari. Lakini mimi kila usiku namtegemea Mwenyezi Mungu juu ya duka langu, na kufuli natia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie sisi tuliobaki tuwe wenye kuzingatia.

Wassalaam.