Dumu la Saba

Neno letu la asubuhi hii latoka katika Injili ya Marko, sura ya 6, tangu mstari wa 30 hata wa 44. Mwenye Biblia na aifungue. Aliye jikoni au njiani na anisikilize tu.

Hapo twawaona Mitume wamerudi kutoka kazi ya kuhubiri. Wamechoka, na kwa wingi wa watu hawapati hata nafasi ya kula. Bwana Yesu anawaita waende kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Basi tusidhani kwamba kutafuta mapumziko ni dhambi. Bwana mwenyewe ndiye aliyeipanga safari ile.

Nami nina safari yangu ya kuwasimulia. Mwezi wa Septemba mwaka 2022, mimi na mke wangu, pamoja na rafiki zetu wawili, mume na mke, tuliazimia kwenda kupumzika siku nne katika kambi ndogo huko Kalacha, kando ya jangwa la Chalbi, katika Kaunti ya Marsabit. Dereva wetu alikuwa kijana wa Kigabra, mwenyeji wa huko.

Safari ya namna hiyo haiendwi kwa kubahatisha. Lami ya kwenda Moyale ni nzuri, lakini ukiiacha kaskazini ya Marsabit na kushika njia ya Maikona, mambo hubadilika. Chalbi ni ziwa la kale lililokauka. Juu yake ni ganda jeupe la chumvi, na chini ya ganda hilo mahali pengine ni tope. Mvua ikinyesha, hakuna gari lipitalo. Kwa hiyo tulichagua miezi ya kiangazi. Tulichukua magurudumu mawili ya akiba, jeki, sepetu, mafuta ya kwenda na kurudi, na tuliwaachia watu wa Marsabit habari ya siku tutakayorudi, ili tusipoonekana tutafutwe.

Maji niliyapanga mimi mwenyewe. Nilikaa mezani na kalamu. Watu watano, lita tano kwa kila mtu kila siku, siku nne: lita 100. Nikaongeza lita 20 za gari. Jumla madumu sita ya lita ishirini ishirini. Nikajisifu moyoni, maana nilikumbuka maneno ya Bwana wetu katika Luka 14, habari za mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara.

Tulipopita Maikona, jua likiwa kali sana, tulimwona mama mzee amesimama kando ya njia na msichana mdogo. Mama aliinua dumu tupu juu ya kichwa chake. Tulipokaribia tulisikia neno moja, "Bisan." Dereva akapunguza mwendo, akasema, "Mchungaji, anaomba maji."

Ndugu zangu, mwaka ule mvua zilikuwa zimekosa misimu minne mfululizo. Mizoga ya mifugo tulikuwa tumeiona njiani. Sikuwa na udhuru wa kusema sikujua. Lakini nilizitazama hesabu zangu, nikasema, "Maji yetu yamepimwa, kijana. Twende." Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Njeri, hata kikombe?" Sikumjibu. Dereva naye hakusema kitu. Akaendesha.

Tulifika Kalacha jioni. Na huko Kalacha kuna nini? Kuna chemchemi. Maji yanatoka ardhini, mikoma imesimama, ngamia wanakunywa. Mimi niliyemnyima mama yule maji nilikuwa nikienda kwenye maji.

Siku ya pili gari letu lilizama ukingoni mwa Chalbi. Wachungaji wa ngamia walituona kwa mbali, wakaja bila kuitwa. Walichimba na kusukuma pamoja nasi hata gari likatoka. Kisha mmoja wao akatuletea maziwa ya ngamia katika chombo kilichosukwa, wakati ambapo maziwa yalikuwa haba hata kwa watoto wao. Nilikunywa, lakini nilimeza kwa shida.

Tuliporudi Marsabit, madumu mawili yalikuwa bado yamejaa. Lita 40. Tuliyamwaga chini ili gari liwe jepesi. Nilisimama nikiyatazama yakipotelea mchangani, nikamwona mama yule tena, na dumu lake juu ya kichwa.

Sasa turudi kwa Mitume. Nao walikwenda kupumzika mahali pasipo watu, wakakuta watu. Nao walifanya hesabu: mkate wa dinari mia mbili utawatosha hawa wote wapi? Wakamshauri Bwana awaambie watu waende zao. Angalieni, Bwana Yesu hakuidharau hesabu. Aliwauliza wana mikate mingapi, akawatuma wakaangalie. Mikate mitano na samaki wawili. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba katika hesabu ile hawakumweka jirani, wala hawakumweka Bwana aliyekuwa amesimama katikati yao.

Hili si jambo la jangwani tu. Mwisho wa mwezi nawe unakaa mezani na kalamu: karo, kodi ya nyumba, unga, nauli. Ni vema. Lakini mtu akibisha mlangoni, je, mpango wako umekuwa jibu la kumfukuza? Sisemi umpe kila mtu kila kitu. Wala sisemi uingie jangwani bila maji ukidai una imani. Huko ni kumjaribu Mungu. Nasema hivi: unapohesabu, mhesabu na mgeni tangu mwanzo, kabla hujamjua jina.

Tangu siku ile, nikipanga safari ya kaskazini, nahesabu madumu yetu sita, kisha naongeza la saba. Nyumbani mwetu twaliita dumu la mgeni. Halijawahi kurudi limejaa. Lakini mama yule wa njia ya Maikona sikumwona tena, na jambo hilo nitalichukua mbele za Bwana maisha yangu yote. Nimetubu, naye ni mwenye rehema.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyewahurumia watu nyikani, utusamehe kwa maji tuliyoyanyima na tukayamwaga. Utufundishe kuhesabu kwa hekima, na utufungue mikono. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.