Mtoto Kuumwa Viungo si Kosa la Mama
(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi)

 

Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka 10. Hesabu za hisa na mikopo atasoma Mweka Hazina. Mimi nasema juu ya baridi yabisi ya watoto, maana mwaka huu imegusa mfuko wetu wa jamii. Mtoto wa mwenzetu, wa miaka 7, alivimba magoti, asubuhi hanyanyuki. Ndugu wa mume wakasema ni ugonjwa wa ukoo wa mama, wakataka mama arudishwe kwao.

Akina mama, tuelewane. Viungo vikivimba kwa mtoto wa chini ya miaka 16, vikakaa hivyo wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine haikuonekana, madaktari huita baridi yabisi ya watoto. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inageukia viungo.

Je, ni ya kurithi? Kuna urithi kidogo, lakini siyo kama watu wanavyosema mtaani. Vinasaba tunavipata kwa baba na kwa mama, wote wawili. Viko vingi, kila kimoja kinaongeza hatari kidogo tu. Hata mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Sasa ukoo wa mama peke yake umeingiaje hapo?

Tena watu wa asili mbalimbali hatulingani. Kipo kinasaba kiitwacho HLA-B27, kinachohusiana na aina moja ya ugonjwa huu. Ulaya ya Kaskazini watu kama 8 katika 100 wanacho, na wengi wao ni wazima. Kwetu kusini mwa Sahara, kwa jumla ni nadra. Kwa hiyo mtoto wetu akipimwa akaonekana hana, usiseme basi hana ugonjwa. Utafiti wa Toronto, Kanada, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watoto wenye asili ya Ulaya waliugua zaidi kwa jumla. Lakini watoto weusi walielekea zaidi kupata ile aina ya viungo vingi inayofanana na ya watu wazima, na hiyo huharibu viungo upesi.

Ndiyo maana nasema tusichelewe. Mtoto akichechemea, akikakamaa asubuhi, apelekwe hospitali. Apimwe na selimundu, nayo huumiza viungo. Kiungo kikiwa cha moto na ana homa, mpeleke siku hiyo hiyo. Macho nayo yakaguliwe, kwa sababu yanaweza kuharibika bila kuuma. Akiandikiwa methotreksati, kwa kawaida ni mara moja kwa wiki, siyo kila siku. Wapo watoto wengi waliotibiwa mapema wakarudi shuleni na kucheza.

Kamati inapendekeza nauli ya kliniki ya mtoto huyu itoke mfuko wa jamii, iwe msaada, isiwe mkopo. Naomba mkutano upitishe. Na akina baba mliokuja leo, mkawaambie wenzenu nyumbani: mama huyo hakuleta ugonjwa, analea mgonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.