Jani na Ngoma: Mhadhara wa Umma, Kasulu



Nimeambiwa kwamba tangazo liliposema “yoga na Ayurveda”, wapo waliodhani nitakuja na mkeka. Sikuja nao. Mgongo huu ulishakataa mambo hayo.

Wahindi wenyewe hawakuanza na jozi hiyo. Ayurveda, katika kitabu cha Charaka, ni uganga: chakula, mimea, usingizi, majira, na mizani ya nguvu tatu za mwili, yaani vata, pitta na kapha. Patanjali, mwalimu wa yoga, alikuwa na lake, kuituliza nafsi. Kiuno cha mtu hakikumshughulisha sana. Mafundisho hayo yalichota katika kisima kimoja, falsafa ya Sankhya, kisha kila moja likashika njia yake. Yoga kupelekwa maabara ni kazi ya karne ya 20: mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alifungua kituo Lonavla, akawa anapima pumzi na damu kwa vyombo. Mwaka 2014 serikali ya India ikaziweka zote mbili chini ya wizara moja. Waliozifunga pamoja ni watu, tena kwa makusudi.

Turudi nyumbani, kwenye jozi yetu ya jani na ngoma. Mti wa mubirizi mnaujua; uchungu wake haumsahau mtoto aliyeunywa. Mwaka 1987, huko Mahale, kusini mwa mkoa wetu, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe aliyefanya kazi hifadhini, walimwona sokwe mgonjwa akimenya chipukizi la mti huo, akafyonza maji yake na kutema makapi. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu. Kalunde hakushangaa: kwa Watongwe ule ni dawa ya tumbo. Tangu hapo wanasayansi hawajaliacha jani lile.

Na nusu ya pili, ngoma? Hapa Buha, kama Burundi, kulikuwa na kubandwa: ngoma, nyimbo, na mgonjwa kuingizwa katika kundi la waliotangulia kupita hapo, kwa jina la Ryangombe au Kiranga. Wamisionari waliona humo ushetani. Sisi wasomi tumekuwa na adabu zaidi, ila hatukufanya vema zaidi. Jani tulilipeleka hospitali ya Muhimbili, ambako kitengo cha tiba asili kilianza mwaka 1974. Ngoma tukawaachia watu wa utamaduni, ipigwe kiongozi anapowasili. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 inamtambua mganga, naye husajiliwa. Waliokesha na mgonjwa wakiimba hawana fomu ya kujaza.

Siombi kubandwa irudi. Ilikuwa na vitisho vyake, na wapo hapa wanaovikumbuka. Ninachogombana nacho ni daftari langu mwenyewe. Miaka ya nyuma, upande wa Heru, nilimuuliza mzee mmoja mubirizi unatibu nini. Kalamu ilikuwa tayari. Akaniangalia kwa muda, akauliza: “Nani anaumwa?”

Sikuwa na mgonjwa. Akaendelea kupalilia maharage yake.