Mboga za Masika Kando ya Mito ya Thika na Ruiru

Mvua za masika hunyesha Thika na Ruiru tangu katikati ya mwezi wa Machi hata Mei. Lakini mwenye bustani angojaye tone la kwanza ndipo atafute mbegu amekwisha chelewa. Miche ya sukuma wiki yahitaji majuma manne hata sita kitaluni; kwa hiyo kitalu hutengenezwa mwezi wa Februari, chini ya kivuli chepesi, na kumwagiliwa maji jioni.

Udongo nao si wa namna moja. Upande wa Gatundu ni mwekundu, hupitisha maji vizuri. Upande wa Juja na mashariki ya Ruiru sehemu nyingi zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ushikao maji hata mizizi ikaoza. Huko yafaa kupanda juu ya matuta yaliyoinuliwa.

Hayo wengi wayajua. Linalowashinda ni tumbili.

Tumbili hulala katika miti ya kando ya mito, kama vile Chania na Ndarugu, nao hushuka mashambani mchana. Tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipokamilika mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa yamegeuzwa viwanja vya nyumba, na msitu mwembamba wa mtoni ndio makao waliyobakiwa nayo. Sanamu ya matambara huwatisha siku chache tu, kisha hukaa karibu nayo wakila nyanya. Na nyumba itupayo maganda ya ndizi na mabaki ya ugali nje ya ua yawaalika yenyewe.

Jamaa nyingine humbakiza mtoto nyumbani ili alinde bustani. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya nyanya, kwa maana kikapu cha mboga hakiwezi kulipa masomo ya muhula. Afadhali majirani wa ukingo mmoja wapeane zamu, watu wazima wawili kila siku, hasa asubuhi na alasiri.

Mpango wa kupanda pia husaidia. Vitunguu, pilipili na dania havipendwi sana na tumbili. Basi na vipandwe upande wa mtoni. Nyanya, maharagwe na mahindi mabichi yawe karibu na mlango wa jikoni, penye watu na mbwa. Bustani ndogo yaweza kufunikwa kwa wavu hata juu, maana ua usio na paa kwa tumbili ni ngazi tu. Nungu yeye huja usiku, akafukua viazi vitamu na kutafuna maboga. Kwa ajili yake wavu wa waya ufukiwe ardhini kiasi cha sentimita 30 au zaidi.

Wengine, kwa uchungu, hutega sumu. Jambo hilo ni kosa la jinai, tena sumu haichagui: huua mbwa wa jirani na mwewe, na mvua huichukua mpaka mtoni ambako watu huteka maji.

Kuhusu fidia, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilipotungwa iliorodhesha wanyama ambao mazao yakiharibiwa nao mwenyewe aweza kudai. Kiboko yumo, tumbili na nungu hawamo. Basi mwenye shamba karibu na mto Athi, huko Fourteen Falls, akikuta nyayo za kiboko katika kabichi zake, asiingie bustanini usiku na tochi, kwa kuwa kiboko aliyezuiwa njia ya kurudi majini huua. Apige picha ya hasara asubuhi, apeleke habari upesi kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ajaze fomu ya madai. Mwenye kuliwa na tumbili hana fomu ya kujaza. Wavu wake na zamu za majirani ndizo fidia yake, navyo vyapasa kuwa tayari mwezi wa Machi, kabla nyanya hazijaanza kuwiva.