Mtoto, Dada wa Kazi na Simu
(Muhadhara kwa wazazi wa Sumbawanga)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, mama wa hapa Sumbawanga huondoka alfajiri kwenda sokoni, au msimu wa mpunga hushuka Bonde la Rukwa hadi Muze na Mtowisa, akamwacha mtoto wa miaka mitatu kwa bibi, kwa jirani au kwa dada wa kazi. Baridi ya Ufipa ya Juni na Julai nayo humzuilia mtoto ndani. Akilia hupewa simu, naye hunyamaza. Sisi tunaowapokea watoto hawa madrasa tunawasikia wakitamka maneno, na kuwaona wakikatika viuno, kwa namna ambayo hakuna mzazi aliyewafundisha.

Tuizingatie Suratun-Nur, aya ya 58. Allah (S.W.) ameamrisha kuwa waliomilikiwa, ambao zama hizo ndio waliokuwa watumishi wa majumbani, pamoja na watoto wasiobaleghe, waombe idhini ya kuingia katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya sala ya Isha. Mtumishi na mtoto wametajwa pamoja. Jicho la mdogo huyu, ambaye sisi husema "haelewi kitu", limewekewa mlango na Qur'ani yenyewe. Simu haibishi hodi.

Katuni ya kwanza ikiisha, nyingine huanza yenyewe, na ya tano si lazima ifanane na ya kwanza. Lakini hatari iliyo karibu zaidi, nayo husahauliwa, ni makundi ya WhatsApp. Uchafu unaotumwa humo unaweza kujipakua wenyewe na kukaa pamoja na picha za familia. Mtoto anayetafuta picha ya mama yake hukutana nao, na huenda dada yuko jikoni, hana habari.

Hapo ndipo lawama zote humshukia dada. Sisi tunasema, taratibu! Mara nyingi dada huyo ni binti wa miaka 15 aliyetoka kijijini Nkasi au Kalambo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Basi nyumbani humo mna watoto wawili na simu moja. Mwanamume asiyemjua anayemwandikia usiku kwa maneno matamu aweza kesho kumwomba picha, zake au za mdogo anayemlea. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemtaja mtumishi kuwa mchunga wa mali ya bwana wake, lakini mwenye nyumba naye ni mchunga wa watu wake, na binti huyu ni mmoja wao. Wangapi wetu tumewahi kumuuliza ni nani humwandikia?

Mwachieni dada kitochi cha kupigiana. Akiwa na simu yake kubwa msimnyang'anye, kwani ni mali yake, na hiyo ni dhulma. Kaeni naye, mzime pamoja ule upakuaji wa moja kwa moja, na mkubaliane kuwa mtoto anayeogeshwa hapigwi picha, seuze kuwekwa "status". Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na aliye chini ya hapo asiwekwe kabisa.

Mtoto akisimulia alichokiona, asipigwe. Akipigwa, mara ya pili atanyamaza. Na picha chafu ya mtoto ikionekana, isisambazwe hata kwa nia ya kuwaonya wengine, kwa kuwa kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Simu ipelekwe ilivyo Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi, au ipigwe namba 116, ambayo ni bure. Binti naye afundishwe namba hiyo.

Wabillahi tawfiq.